Chini ya Gari la Baba

Asubuhi ile ya Jumatatu usukani ulianza kutetemeka mikononi mwangu kabla sijafika daraja la Mtoni. Nilikuwa natoka nyumbani Mbagala kwenda shuleni Temeke, ninakofundisha fizikia. Kwanza nilidhani ni ubovu wa lami. Halafu gari zima likaanza kuyumba upande wa kushoto, na kutoka chini ukaja mlio wa kugonga, taratibu, kisha haraka haraka. Nikawasha indiketa, nikasogea pembeni, nikashuka.

Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limelala. Nati zake zilitakiwa kuwa tano. Zilibaki mbili, na hizo mbili nilizizungusha kwa vidole tu.

Nilisimama pale pembeni ya Barabara ya Kilwa, malori ya kontena yananipita na upepo wake unanivuta sketi, nikawa naangalia zile nati mbili kiganjani. Nilijua nani alifunga tairi lile. Siku mbili nyuma, Jumamosi, baba alihamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kama alivyofanya miaka yote. Nilitoa nati moja moja kwenye matairi mengine matatu, nikakamilisha tano za lile lililolegea, nikaendelea na safari kwa mwendo wa mkokoteni. Nilifika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha, mikono myeusi. Sikumwambia mtu.

Jioni niliporudi baba alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Gari limetembeaje?"

"Limetembea vizuri."

Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Tairi nilikuwa nimeshalisahau. Kilichonitisha ni kwamba baba amesahau nati.

Mtu asiyemjua baba hawezi kuelewa kwa nini nati tatu zinitoe usingizi. Alitoka Upareni akiwa kijana, akaajiriwa Kurasini kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, akabaki huko mpaka alipostaafu. Gari lile alilinunua nikiwa kidato cha pili. Lilikuwa limeshatumika Japani, lakini kwetu lilikuwa jipya kuliko kitu chochote: refu, jeusi, injini ya silinda sita, viti vya mahameli ya kijivu, na vipazia vidogo kwenye vioo vya nyuma. Milango yake ukiifunga haipigi kelele, inajifunga kwa mlio mzito wa chini. Kuna watu Mbagala waliodhani baba ni waziri mdogo.

Mara moja tu alilipeleka gereji. Lilirudi na nyaya za kiti cha nyuma zimekatwa na kufungwa kwa utepe wa karatasi. Tangu siku hiyo akasema hakuna mkono mwingine utakaoligusa. Kila Jumamosi alivaa ovaroli, akatandika boksi chini, akalitengeneza mwenyewe uani. Mie ndiye niliyemshikia taa, kwa sababu kaka zangu walikimbia mpira. Nilijifunza majina ya spana kabla sijajifunza kupika ugali usio na madonge. Nati za tairi alizikaza kwa mpangilio wa msalaba, kisha anarudia moja moja kwa mkono, akihesabu kwa Kipare kwa sauti. Sijawahi kumwona akiruka hata moja.

Baada ya Jumatatu ile nikaanza kumkagua kwa siri. Jumamosi mchana, akiishalala, nilifungua boneti na kupitia kila alichokigusa. Wiki moja nikakuta kifuniko cha mafuta ya breki hakipo. Kilikuwa ndani ya buti la gari, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Wiki nyingine oili ilikuwa imejaa kupita kiasi, maana aliiongeza asubuhi, akasahau, akaiongeza tena. Nilipunguza ile oili nikiwa nimepiga magoti, nasikiliza dirisha la chumba chake, nikiogopa kama mwizi, asije akatoka akanikuta.

Nilimgusia mama. Tulikuwa jikoni, anachambua mchele.

"Mama, umemwona baba anavyosahau siku hizi?"

Hakuinua macho. "Baba yako amechoka tu. Wewe husahaugi?"

"Nasahau. Ila siyo hivi."

"Basi mwache mzee wa watu apumzike," akasema, na akazidisha kasi ya kuchambua, mpaka mchele mzima ukawa unarukia nje ya ungo. Niliona mikono yake. Nikamsaidia kuokota.

Mwezi uliofuata gari likaanza kugonga mbele kila likipita shimo. Nililitikisa tairi la kulia nikajua ni tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Ikikatika uko njiani, unageuza usukani na gurudumu halikusikii. Nikaenda Ilala kutafuta nyingine, nikamwambia baba safari hii nitafunga mie. Niliogopa atakasirika. Akasema, "Fanya, mama. Mgongo wangu umenichosha."

Niseme kwamba baba ananiita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi. Kwetu ni kawaida, hakuna anayeshangaa.

Jumamosi hiyo mama alikwenda mazoezi ya kwaya kanisani. Baba alikunywa chai, akala mkate, akarudi kulala. Nilikuwa peke yangu uani. Nikapiga jeki, nikainua mbele yote, nikaweka stendi mbili za chuma, moja kila upande, nikatoa matairi ya mbele. Uwanja wetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo chini ya kila stendi niliweka kipande cha ubao. Matairi ya nyuma yalibaki chini, nikayawekea matofali yasitembee. Nilikuwa najisifu moyoni kwa uangalifu wangu. Lakini ili usukani usijifunge, niweze kuizungusha ile tairodi, niliacha ufunguo kwenye swichi. Mlango wa dereva haukuwa umefungwa.

Nililala kwenye boksi, nikajisogeza chini kutokea upande wa kushoto mpaka kichwa kikafika karibu na gurudumu la kulia. Miguu ilibaki nje kuanzia magotini. Nati ya tairodi ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaanza kuipiga nyundo kidogo kidogo.

Sikumsikia akija. Niliona viatu. Vilikuwa viatu vyake vyeusi vya ofisini, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na juu yake ukingo wa suruali ya kulalia yenye mistari ya bluu. Hakuvaa soksi. Vilisimama nusu mita kutoka usoni kwangu. Kisha kimoja kikapanda, na gari likainama upande wangu.

Mchanga ukatoa sauti kama ya kitu kinachosagwa. Niligeuza macho kwenye stendi ya kulia, nikaona ubao wake unazama upande mmoja. Stendi ikaegemea. Haikuanguka, lakini haikuwa tena wima. Gari lilikuwa juu ya kifua changu, chuma cha chini kabisa kikiwa kama viganja viwili kutoka shingoni.

"Baba!" nikaita.

Kiatu cha pili kilikuwa bado chini, mlango uko wazi.

"Baba, shuka taratibu. Mie niko huku chini."

"Wewe nani?" akauliza.

Sauti ilikuwa yake, lakini ile anayoitumia kwa watu wa nje.

"Ni mie, baba. Ni mama yako."

Nilisema hivyo kwa mazoea, kwa jina analoniita kila siku. Halafu akasema polepole, kama anayemwelewesha mtoto, "Mama tulishamzika."

Sijui kama niliwahi kuogopa vile kabla ya siku ile. Nimewahi kuibiwa, nimewahi kukaa hospitali nikisubiri majibu. Hofu hizo zina mahali pa kushikilia. Pale chini sikuwa na pa kushika. Mtu aliyenifundisha kuweka stendi alikuwa juu yangu, na kwake mie sikuwepo.

"Ni binti yako," nikasema. "Mwalimu."

"Binti yangu yuko shule," akajibu, na sasa akawa na haraka. "Nimechelewa. Meli imeshaingia, na makaratasi yote ninayo mie."

Kiatu cha pili kikapanda. Mlango ukajifunga kwa ule mlio wake mzito.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikujivuta nje pale pale. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Ilihitaji sekunde kama kumi, nisukume kwa viwiko na visigino. Lakini mwili ulikataa. Miguu niliiona kama ya mtu mwingine. Nilichoweza kufanya ni kuitazama ile stendi iliyolala, na kufikiri, kwa akili ya mwalimu wa fizikia, kwamba gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwamba ya nyuma yako chini, na kwamba akiingiza gia litakwenda mbele, matofali au pasiwe na matofali, na stendi zote mbili zitalala kwa mara moja.

Akawasha.

Injini iliunguruma juu ya uso wangu. Vumbi la miaka likanidondokea machoni. Mkanda wa feni ulianza kuzunguka karibu na mkono wangu wa kulia, nikauvuta mkono kwa nguvu, kiwiko kikachubuka kwenye chuma. Gari lote likawa linatetemeka, na kwa kila mtetemeko ule ubao ulijichimbia zaidi mchangani.

Kilichonipa muda ni tabia yake. Baba hakuwahi kuingiza gia injini ikiwa ya baridi. Alikaa akisubiri mshale wa joto uinuke kutoka chini, hata kama tumechelewa mazishi. Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilinikera sana. Nikajua nina dakika mbili, labda tatu, ikiwa hilo hajalisahau pia.

Nikapiga kelele nikimwita. Vioo vilikuwa juu, hakusikia. Nikachukua nyundo nikagonga chini ya sakafu, mahali ninapodhani miguu yake ipo. Mara tatu. Nikasikia kioo kinashuka.

"Nani anagonga?"

Hapo ndipo nilipoacha kuwa binti yake. Sikupanga. Ilitoka yenyewe, tena kwa sauti nzito kidogo.

"Fundi, mzee! Shikamoo, mzee!"

"Marahaba." Heshima ilimtuliza papo hapo. "Fundi, unafanya nini huko sasa hivi? Mie natakiwa Kurasini."

"Mzee, wamepiga simu kutoka ofisini. Wanasema usije kwanza."

"Wanasema nini?"

"Meli haijapata gati. Bado imetia nanga nje."

Injini ilikuwa inanguruma. Sikusikia jibu. Nikafumba macho, nikasubiri kusikia mkono wa gia.

"Haijapata gati?" akauliza.

"Bado, mzee. Wamesema labda kesho kutwa."

"Watu wa bandari hawa," akasema baba, kwa uchovu wa kweli, uchovu wa mtu ambaye ameambiwa habari hiyo mara elfu. "Basi hakuna haja ya kuchoma mafuta."

Akazima.

Ukimya ule uliniuma masikio. Niliweza kusikia kuku wa jirani, na redio ya dukani ng'ambo ya barabara. Miguu ikarudi. Nilijivuta kwa visigino, polepole, bila kugusa chuma chochote, macho kwenye stendi, mpaka jua likanipiga usoni. Nilibaki nimelala juu ya mchanga nikipumua. Kisha nikainuka nikazunguka mpaka mlango wa dereva.

Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Juu alivaa shati la kulalia, na tai. Alinigeukia, na uso wake ukafunguka.

"Mama," akasema. "Mbona umechafuka hivyo?"

Sikuweza kumjibu. Nilimfungulia mlango, nikamshika mkono, nikamwambia, "Shuka, baba, tukanywe maji." Alishuka vizuri, akitanguliza mguu wa kulia. Tulikuwa tumepiga hatua kama nne kuelekea barazani, ndipo stendi ilipolala. Gari lilianguka upande wa kulia, likatua kwa diski ya breki juu ya ule ubao, na ubao ukapasuka katikati. Mchanga uliruka mpaka kwenye kanga yangu.

Baba alishtuka, akanishika begani. "Kuna mtu chini? Mama, kuna mtu chini?"

"Hamna mtu, baba."

"Kulikuwa na fundi."

"Fundi ameshaondoka."

Nilimkalisha kwenye kiti, na mie nikakaa chini miguuni pake.

Kishindo kile kilimleta jirani yetu mwenye duka, Mwarabu mtu mzima ambaye familia yake imeuza sukari na mafuta ya taa mtaani kwetu tangu kabla hatujahamia. Tunamwita ami. Aliingia getini mbio, kofia mkononi, akaangalia gari, akaniangalia mie, akamwangalia baba na ile tai.

"Mmeumia?"

"Hapana, ami. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Al-hamdulillahi." Akamwendea baba, akamshika mkono, akamsemesha habari za kawaida, joto la siku hizi, bei ya sukari, mpaka baba akatulia na kukubali kwenda kulala. Ami alimsindikiza hadi mlango wa chumba, kwa namna ya mtu anayeijua njia. Nililiona hilo.

Aliporudi hakukaa. Alisimama akizungusha kofia yake.

"Nilitaka kumwambia mama yako siku nyingi," akasema. "Nikaona aibu. Mzee nimemrudisha hapa mara tatu. Mara ya kwanza nilimkuta kituoni anauliza gari la Kurasini. Mara ya pili alikuja dukani akaniuliza mie ni nani. Sie tumejuana miaka yote hii, mwanangu, nimekula harusi ya kaka yako."

"Na mara ya tatu?"

"Mara ya tatu alikuwa barabarani katikati. Lori lilifunga breki."

Alinisaidia kuweka jeki, tukainua gari, tukapanga matofali chini yake. Yeye ndiye aliyezungusha jeki, na kanzu yake akailowesha grisi. Nilichomoa ufunguo, nikauingiza ndani ya blauzi.

Mama aliporudi na kitabu chake cha nyimbo mkononi, nilimweleza yote nikiwa nimesimama pale pale getini. Nilitegemea atabisha. Akafungua pochi, akatoa kipande cha waya.

"Huu ndio nafungia geti mkiondoka," akasema. "Leo niliusahau, nikaondoka nao kwenye pochi."

"Ulikuwa unajua?"

"Kabla yako."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Nilikuwa nife!"

"Nilijua utamnyang'anya gari," akasema. "Na akikosa gari, atabaki na nini? Mie niliogopa hilo zaidi. Sikufikiria kama wewe ndiye utakuwa chini."

Tulilia wote wawili, kila mtu kwa upande wake wa geti.

Hospitali walitupokea vizuri. Daktari, dada mdogo kuliko mie, alimuuliza baba mwaka, siku, na jina la rais, akamwambia achore saa. Baba alichora duara safi, akapanga namba zote upande mmoja. Daktari alitueleza ugonjwa kwa jina lake na akasema dawa zitapunguza mwendo wake, hazitaurudisha nyuma. Mie nilikuwa naliangalia lile duara. Nilikuwa nafikiri kuhusu nati tano na nani mwingine ndani ya familia yetu atakuja kuchora saa ya namna hiyo. Hofu hiyo sijamwambia mtu mpaka naandika hapa. Nikisahau mahali nilipoweka spana namba kumi na nne, nasimama, na jasho linanitoka.

Wiki mbili baadaye, Jumapili jioni, nilikuwa namkata baba kucha barazani. Alikuwa na siku nzuri, amenitania kuhusu wanafunzi wangu. Ghafla akanishika mkono, akaugeuza, akatazama kovu la kiwiko.

"Hili ulilipata wapi?"

"Kwenye gari, baba. Nilijigonga."

"Mie nilikuwepo?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshakuwa hodari.

"Ulikuwepo."

Alikaa akiangalia uwanja, mpaka giza lilipoanza kuingia na mama akatuita kula. Asubuhi nilipofungua mkoba wangu wa kazini nilikuta ndani yake ufunguo wake wa akiba, ule ambao tulikuwa tumeutafuta nyumba nzima bila kuupata. Umefungwa kwa kitambaa chake cha mkononi. Nilitaka kwenda kumshukuru. Alikuwa amekaa kitandani, ananitazama bila kunitambua. Jioni ya siku hiyo hiyo alipiga kelele kwamba kuna mwizi amechukua ufunguo wa gari lake, akatushutumu mmoja mmoja, na akamwita ami aje kushuhudia.

Gari lilikaa juu ya matofali wiki sita. Nilikwenda shuleni kwa namna nyingine. Kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Dodoma, akasema liuzwe. Mama alikataa, na mie nikajikuta nakataa pamoja naye, ingawa kila nikipita uani nilipita mbali, nikishika ukuta. Tairodi mpya ilikuwa bado kwenye karatasi yake. Ile ya zamani ilikuwa bado mahali pake, nati yake haijalegea. Nilimtafuta fundi. Alikuja kijana mmoja mwenye heshima zake, akaweka mkono kwenye boneti, na baba akatoka chumbani na ufagio akamfukuza. Hakulikumbuka jina langu siku hiyo, lakini alikumbuka kwamba hakuna mkono mwingine utakaoligusa gari lile.

Kwa hiyo ikabidi niwe mie.

Jumamosi niliyochagua, ami alikuja akamchukua baba kukaa naye dukani. Siku kadhaa kabla nilikuwa nimemwaga zege jepesi sehemu mbili, nalo limeshakauka; nikaweka stendi juu yake, nikasukuma gari kwa bega langu lote kuona kama litacheza. Halikucheza. Nikafunga geti kwa waya. Nikatandika boksi. Nikabaki nimesimama.

Mama alitoka jikoni, anafuta mikono.

"Unasubiri nini?"

"Siwezi, mama."

Aliniangalia, akaliangalia gari. Katika miaka yote ile hajawahi kukaa kiti cha dereva. Kiti chake ni cha nyuma, penye kipazia. Akavua kandambili, akafungua mlango, akajiingiza taratibu, akafunga.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye swichi. Usukani lazima uwe wazi."

"Ukiishauzungusha huo usukani hakuna haja ya gari kuwaka?"

"Hakuna haja."

"Basi nitaushika huu ufunguo hivi hivi, mtu asiuguse." Akashusha kioo. "Ingia. Mie nitakuwa naongea, wewe unajua niko hapa."

Niliingia. Nilisita mara mbili kabla mabega hayajafika chini ya mlango. Mama akaanza kuongea. Alieleza kwaya inavyokosa sauti ya tatu, alieleza mwalimu wa kwaya anavyochelewa, akaeleza siku baba alipokuja kumposa amevaa suti ya kuazima yenye mikono mifupi. Mara mbili alinyamaza, na mara zote mbili niliacha spana nikaita, "Mama?" akajibu, "Nipo." Nati yenye kutu ililegea kwa pigo la kumi au la ishirini, sikuhesabu. Nilifunga mpya, nikaikaza, nikaweka kipini chake, nikajivuta nje kwa visigino nikiwa nimelowa mwili mzima.

Mama alikuwa bado ameushika ule ufunguo. Uso ulikuwa umemtoka jasho kuliko wangu. Nilimwambia nimemaliza, anaweza kuuachia, lakini vidole havikufunguka, ikabidi nimsaidie kimoja kimoja. Kichwa cha ufunguo kilikuwa kimeacha alama kwenye kiganja.

"Unajua nilikuwa nasema nini moyoni?" akauliza. "Nikiongea kote kule?"

"Ulikuwa unasali."

"Hapana. Nilikuwa najikumbusha. Mwanangu yuko chini, usiguse. Mwanangu yuko chini, usiguse. Niliogopa nisije nikasahau na mie."

Tulirudisha matairi pamoja. Mama alinipa nati moja moja, akizitoa kwenye bakuli la plastiki, na kila aliyonipa aliitaja namba yake kwa Kipare.